Mama mkwe anasema ziwa langu ni dogo, halina maziwa

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 26, nakaa Tanga, na leo ni siku ya kumi tangu nijifungue mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Nilihangaika na uchungu usiku kucha, mwisho wakanipeleka kwenye kisu. Mtoto alizaliwa na kilo 3.2. Nakuandikia nimelala ubavu, simu mkono mmoja, maana nikikaa mshono unavuta.

Shida yangu ni maziwa. Siku mbili za mwanzo hayakutoka. Kilichokuwa kinatoka ni kitu kizito cha njano kama samli, tena tone kwa tone. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuja kunilea, alinibonyeza chuchu kwa kidole gumba mbele ya wifi yangu, likatoka tone moja likakaa pale juu. Akalitazama, akasema, "Huu ni uchafu uliolala miezi tisa. Na hata yangekuwa maziwa, kwa tone hili atashiba nani?" Akanifuta kwa kitambaa. Usiku wa pili mtoto alilia hadi sauti ikakauka, mume wangu akatumwa duka la dawa, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Mtoto alipopewa alilala masaa manne mfululizo. Wote wakashusha pumzi, mimi nikageukia ukutani nikalia.

Matiti yalijaa siku ya nne jioni, tena kwa ghafla. Yakawa magumu kama mawe, yana moto, hata mkono siwezi kuinua. Nikasema sasa mambo yamenyooka. Lakini siku ya saba yakalainika, nikarudi palepale. Wifi akaniazima pampu ya kukamulia, nikakaa nayo dakika ishirini, nikapata kifuniko cha chupa, nacho hakikujaa. Mama mkwe akaniambia kwa upole, maana si mtu mbaya, "Mwanangu, ziwa lako dogo tangu zamani, usijilaumu. Wengine wameumbwa hivyo." Kweli ni madogo. Sidiria navaa kwa heshima tu.

Sasa hivi mchana ananyonya, lakini saa nne usiku na saa tisa usiku anapewa kopo, mililita 60 kila mara, ili mimi nilale nipone. Napikiwa uji wa pilipili manga, na asubuhi na jioni nakunywa uwatu uliolowekwa, mpaka jasho langu na kanga zangu zinanuka uwatu. Tulipotoka hospitali siku ya nne mtoto alikuwa na kilo 2.95, na juzi kliniki, siku ya nane, kilo 3.05. Nesi akaandika kwenye kadi, akasema "endelea kunyonyesha", akamwita anayefuata.

Yapo mambo mawili siyaelewi. Mtoto akianza kunyonya tumbo linanisokota kwa chini, naogopa mshono wa ndani unafumuka. Na jana mtoto wa jirani alilia upande wa pili wa ukuta, wangu amelala fofofo, nikakuta blauzi yangu imelowa kote kuwili. Sasa kama maziwa sina, hayo yametoka wapi?

Niambie ukweli, shangazi. Nina maziwa au sina? Yalitakiwa yaanze lini, na nilikosea wapi? Wakati wa mimba sikupaka wala kufanya chochote cha kuandaa matiti. Likizo yangu ni siku 84, nazo zinakwenda.

Mzazi wa Kwanza, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa uzazi, na pole kwa kisu.

Maziwa unayo. Nalisema mwanzo kwa sababu najua unasoma mtoto yuko kifuani na huenda usifike mwisho. Blauzi yako ilikwisha kukujibu jana, ila nyumba nzima ilikuwa inasikiliza kopo.

Umeuliza yalitakiwa yaanze lini, na umejilaumu kwamba hukuandaa matiti. Mwili haukukusubiri wewe. Kumbuka zile wiki za mwanzo, pengine hata hujajijua kuwa una mimba: matiti yanauma, huwezi kulala kifudifudi, kanga ikigusa chuchu unaruka. Ule ulikuwa ujenzi. Homoni ya estrojeni ilikuwa inarefusha mirija ya maziwa na kuitawanya ndani ya titi, na homoni nyingine, projesteroni, inaotesha vifuko mwishoni mwa mirija hiyo. Vifuko ni vidogo mno, vimeshikana kama punje za pilipili manga kwenye kikonyo chake. Watu wa Muheza wanaoilima watanielewa vizuri hapo. Kila punje ni jiko. Titi ndicho kiungo ambacho humaliza kukua mwanamke akishika mimba, na kabla ya hapo hakuna wa kukutazama akajua una majiko mangapi.

Halafu weusi wa kuzunguka chuchu ukapanuka na kukolea, ukaota vipele vidogo. Wengi huvikamua wakidhani chunusi. Viache. Ni tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha chuchu, na harufu yake humsaidia mtoto kulitafuta ziwa akiwa bado haoni vizuri. Ndiyo maana nagombana na wanaosugua chuchu kwa sabuni kila wanapotaka kunyonyesha. Wanamfutia mtoto njia.

Kufika mwezi wa tano hivi wa mimba, vifuko vilikuwa vimekwisha kuanza kutoa maziwa. Wapo wanaoona doa kwenye nguo, wapo wasioona kitu mpaka wajifungue, na wote wako sawa. Kwa nini basi hayakumwagika? Kwa sababu palikuwa na kufuli, nalo ni kondo la nyuma. Miezi yote ile kondo linamwaga projesteroni kwenye damu yako, na projesteroni iliyojenga majiko ndiyo hiyohiyo inayoyazuia yasiwake moto mkubwa. Siku kondo linatoka, liwe limetoka lenyewe au kwa mkono wa daktari, projesteroni inaanguka, na prolaktini, homoni ya kupika maziwa, ambayo muda wote ilikuwa juu inangoja, inapata nafasi. Hapo tena si papo hapo. Kwa wengi maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Uzazi wa kwanza huyachelewesha, uchungu mrefu huyachelewesha, upasuaji huyachelewesha, na wewe ulikuwa navyo vyote vitatu. Siku ya nne jioni kwako haikuwa ajabu hata kidogo.

Hapo ndipo utajua pia kwa nini mkunga huligeuzageuza kondo na kulikagua kama mtu anayechagua samaki. Kipande kikibaki ndani, kufuli halijatoka lote: damu haikomi, na maziwa nayo yanagoma.

Kwa hiyo kule kujaa kwa kwanza hakuletwi na uji wala uwatu, kunaletwa na kondo kutoka. Hata mama asiyenyonyesha, hata yule aliyerudi nyumbani mikono mitupu, Mungu amtulize, matiti yake hujaa siku ya tatu. Kinachotegemea kunyonya ni kile kinachofuata baada ya hapo, na nitakuja huko.

Kwanza lile tone lililofutwa kwa kitambaa.

Lile ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza kabisa, mwanangu, na mama mkwe kama amekulia penye ng'ombe jina hilo analijua. Mfugaji haruki dang'a. Ndama huzaliwa karibu hana kinga yoyote, kinga yote anainywa siku ya kwanza, na asipoinywa usimhesabu zizini. Binadamu ana nafuu kidogo kwa kuwa sehemu ya kinga humvukia kwenye kondo angali tumboni, lakini dang'a ndilo linaloupaka utumbo wake kinga kwa mara ya kwanza. Tena linamsukuma atoe kile choo cheusi kama lami, ambacho kikikaa sana humzidishia manjano. Na rangi ya dang'a haitokani na kulala miezi tisa. Ni karotini, ileile inayotia karoti rangi, na mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Kuhusu "atashiba nani": mtoto wa siku moja hunywa mililita 2 hadi 10 kwa mlo. Kijiko cha chai ni mililita 5. Chukua kijiko, kijaze maji, kitazame. Huo ndio mlo wake. Siku ya pili unaongezeka kidogo, ya tatu tena kidogo, na tumbo lake linatanuka sambamba na maziwa yako yanavyoongezeka. Mililita 60 siku ya pili ni sinia la pilau kwa mtu aliyeomba kitafunwa. Lazima alale.

Na usiku wa pili ndio unaowavunja wazazi karibu wote. Siku ya kwanza mtoto amechoka na safari ya kuzaliwa, analala. Ya pili anaamka, anagundua hayuko tena mahali pale pa joto, anataka ziwa kila baada ya dakika chache. Watu wazima tunakisikia kile kilio kama malalamiko kwamba hakuna kitu. Kumbe anaagiza. Kila anaponyonya usiku ule anauambia mwili ulete haraka.

Sisemi haya kama mtu asiyewahi kukosea. Nilipoanza ukunga, wodi niliyopangiwa ilikuwa na jagi la maji ya glukosi juu ya meza, limefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichodariziwa. Sisi wasichana wenye kofia mpya tulipita kitanda kwa kitanda na kijiko, tukiwanywesha watoto "wakati maziwa yako njiani". Watoto wakalala, wodi ikatulia, tukajiona tunajua kazi. Kisha siku ya nne mama analia matiti yamekuwa mawe na mtoto hataki kushika chuchu, sisi tunashangaa kwa nini wazazi wa wodi yetu hawana bahati. Mama mkwe wako hajafanya baya kuliko nililofanya mimi kwa mshahara.

Sasa, baada ya siku hizo za mwanzo, amri inahama. Mwanzoni ilikuwa ya homoni tu, inatoka kwenye damu. Ikishafika wiki ya pili hivi, ziwa lenyewe linaanza kupiga hesabu zake. Mfikirie mama lishe pale stendi. Sufuria la wali likiisha kabla ya saa nane, kesho anaongeza kilo. Likirudi nusu, kesho anapunguza, hata kama mjini watu wana njaa, kwa sababu yeye anasoma sufuria tu. Maziwa yakikaa kwenye vifuko yanaviambia vipunguze moto. Yakitoka, moto unapanda. Na kila ziwa lina daftari lake: mtoto akipenda la kulia, la kushoto litapunguza peke yake, na mama atabaki na moja kubwa moja dogo mpaka arekebishe.

Mtoto akinyonya, habari hupanda kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, haizidi njegere. Zinatoka homoni mbili. Prolaktini inapika, oksitosini inapakua. Prolaktini hupanda taratibu, hufika kilele kama nusu saa au zaidi tangu mtoto aanze, kwa hiyo sehemu kubwa ya anachokunywa sasa ilikwisha pikwa, na huko kunyonya kwake ndiko kunakoagiza mlo unaofuata. Oksitosini ni ya hapohapo. Inabana misuli midogo iliyozunguka kila kifuko, maziwa yanasukumwa kwenye mirija, nawe unahisi kama sindano sindano au kujaa kwa ghafla. Wengine hawahisi kitu, ila wanamsikia mtoto ameacha kunyonya harakaharaka, ameanza kumeza.

Oksitosini hiyohiyo hubana na tumbo la uzazi. Ndiyo ile unayochomwa mtoto akitoka ili damu isimwagike. Kwa hiyo tumbo linalosokota mtoto akishika chuchu ni tumbo linalorudi mahali pake, halifumui mshono. Baada ya siku chache litaacha. Ila damu ikiongezeka badala ya kupungua, ikinuka vibaya, au ukipata homa, usisubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na oksitosini haingoji kuguswa. Kilio kinaitosha, harufu ya nguo ya mtoto inaitosha, kumwaza tu kunaitosha, na haijui kutofautisha mwanao na wa jirani. Ilisikia mtoto analia ukutani, ikapakua. Ndiyo maji uliyoyakuta kwenye blauzi.

Lakini ina haya. Ukiona aibu, ukisikia maumivu, ukiwa na hofu, inajificha. Mwaka 1948 huko Marekani Michael Newton na mkewe Niles Newton walichapisha jaribio ambalo nilikuwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, maana lilikuwa linawachekesha. Mama anayenyonyesha alivurugwa makusudi: mara miguu kwenye maji ya barafu, mara anavutwa vidole vya miguu, mara anaulizwa hesabu. Mtoto akapata maziwa pungufu kabisa kuliko siku za utulivu. Wakamvuruga tena vilevile, safari hii wakamchoma oksitosini, maziwa yakarudi karibu na kiasi cha kawaida. Yalikuwemo muda wote. Aliyekosekana ni mpakuaji.

Wewe barafu huihitaji. Una mshono, una wifi anayengoja pampu yake, una mkwe aliyesimama mlangoni kuona kimepatikana nini. Kifuniko kimoja cha chupa katika hali hiyo hakinionyeshi una maziwa kiasi gani. Pampu inapima pampu. Wapo wanawake wanaolea watoto wanene kwa ziwa na hawajawahi kukamua hata nusu kikombe.

Udogo wa titi nao tuumalize. Ukubwa unaouona nje kwa sehemu kubwa ni mafuta, na mafuta hayapiki maziwa. Tofauti iliyopo ni ya ghala: wapo ambao matiti yao huhifadhi mengi kwa wakati mmoja, mtoto ananyonya mara chache, na wapo wenye ghala dogo, mtoto ananyonya mara nyingi zaidi. Mwisho wa siku wote wawili wanaweza kufika palepale. Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku, wengine chini ya hapo na wanakua vizuri. Na yale mawe ya siku ya nne hayakuwa maziwa matupu. Palikuwa na damu na maji ya mwili vilivyokuja na kishindo cha kuanza kazi. Vikiondoka titi hulainika. Kulainika si kukauka.

Basi shida iko wapi? Iko saa tisa usiku. Prolaktini iko juu zaidi usiku kuliko mchana, na ndizo saa ulizozitoa kwa kopo. Wewe umelala, maziwa yamekaa, vifuko vinasoma sufuria lililorudi na wali. Asubuhi yanapungua, mama mkwe anaona yamepungua, jioni anataka kuongeza kopo la tatu. Nimeona njia hii ikimfikisha mzazi mwezi wa pili akiwa amekauka kweli, na kila mtu nyumbani anasema si tulijua tangu mwanzo.

Hata hivyo usilitupe kopo leo. Tusome kadi. Kutoka kilo 3.2 hadi 2.95 ni gramu 250, kama asilimia 8. Watoto wengi hupungua siku za mwanzo, mpaka asilimia 7 hadi 10, kisha hurudi kwenye uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya kumi na nne hivi. Kutoka siku ya nne hadi ya nane ameongezeka gramu 100, yaani 25 kwa siku. Mwendo mzuri. Ila humo ndani mna kopo, kwa hiyo hatuwezi kulipa ziwa sifa zote. Tutapunguza tukipima.

Anza na lile la saa tisa. Akiamka usiku usikae. Mlaze ubavuni pako, kitovu chake kikutazame tumboni, anyonye hapohapo mkiwa mmelala, na mtu awe macho awaangalie, usingizi usije ukakuchukua ukamlalia. Mchana ukitaka kukaa, mbebe kwapani kama mkoba, miguu yake iende nyuma yako, asiguse mshono kabisa. Subiri afungue kinywa kama anayepiga miayo, ndipo umlete yeye kwenye ziwa, usimpelekee ziwa yeye. Kidevu kizame, mdomo wa chini upinduke nje, ule weusi uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ukichomwa mwanzo hadi mwisho hajashika. Penyeza kidole pembeni mwa kinywa umtoe, anza upya, hata mara tano. Chuchu peke yake haina maziwa ya kutosha, anatakiwa aikamue mirija iliyo nyuma yake. Akimaliza la kwanza mpe la pili. Mara nane hadi kumi na mbili kwa siku nzima, usiku ukiwemo.

Lile la saa nne usiku libaki kwanza, lakini liwe baada ya ziwa, si badala yake, na mpe kwa kikombe, asije akazoea chuchu ya chupa inayomiminika yenyewe. Ukipata dakika kumi baada ya kunyonyesha, kamua kwa mkono, nyumba imetulia, mtoto au nguo yake iko karibu. Hata kijiko kimoja kinampunguzia kopo kijiko kimoja. Kwa joto la Tanga yasikae nje zaidi ya masaa manne.

Pima kwa nepi, usipime kwa pampu. Kwa umri wake anatakiwa aloweshe sita au zaidi kwa siku, mkojo uwe mweupe, na choo kiwe cha njano, chepesi, mara tatu au zaidi. Siku ya kumi na mbili mpeleke akapimwe, na ya kumi na nne tena, kwenye mizani ileile. Safari hii usikubali kuitiwa anayefuata. Mwambie nesi unapunguza kopo, aangalie na mtoto anavyoshika ziwa. Uzito ukipanda, liondoe na la saa nne taratibu. Usipopanda, mrudishie la saa tisa bila kuona haya, mkatafute sababu, maana wapo wazazi wachache ambao maziwa hayatoshi kweli kwa sababu za kitabibu, na mtoto hatakiwi kulala njaa ili sisi tushinde hoja. Akilala mno hata hataki kuamshwa anyonye, akikaa kutwa hajakojoa, midomo ikikauka, manjano yakishuka hadi miguuni, au akipata homa, hiyo ni hospitali, hata kama ni saa tisa usiku. Wewe pia ukiona titi lina wekundu unaouma na unatetemeka kwa homa. Na hata hapo usiache kulinyonyesha titi hilo.

Uji wa pilipili manga kunywa, ni chakula na una joto, na mwili wako unahitaji ziada ya kama kalori 500 kwa siku. Maji kunywa kwa kiu yako. Kujilazimisha ndoo nzima hakuongezi maziwa. Uwatu wa kiasi sina ugomvi nao kama huna kisukari na hutumii dawa zake, maana unashusha sukari. Pwani yote tumelelewa nao. Ila uwatu haujawahi kunyonya. Ukinywa uwatu saa tisa na mtoto akanywa kopo saa tisa, umeongeza harufu tu.

Mama mkwe usibishane naye, na huu waraka usimsomee kwa sauti ya ushindi. Amekuja kukulea, ameacha nyumba yake. Mwambie, "Mama, nesi amesema tuhesabu nepi, naomba unisaidie kuhesabu." Mpe kazi hiyo, yeye ndiye anayezifua. Mpe na kumcheulisha mtoto baada ya kunyonya saa tisa, na mtori au supu ya samaki mchana. Atakapofua nepi ya saba kabla ya magharibi ataacha mwenyewe habari za ziwa dogo, tena ataisimulia msibani na harusini kana kwamba yeye ndiye aliyegundua.

Kazini usiwaze sasa. Siku 84 zikiisha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi masaa mawili kwa siku, ndani ya saa za kazi, ya kumnyonyesha. Wiki ya tisa niandikie tupange kukamua na kuhifadhi.

Kwa sasa nataka namba mbili tu kutoka kwako: nepi ngapi, na mizani ya siku ya kumi na nne imesema nini. Mvue nguo zote kabla hawajamweka, na nepi pia. Iliyolowa ina uzito wake, na hatutaki kuihesabu mara mbili.